Nyota Iliyotakiwa Kutulia

Mtu akisikia kwamba kazi yangu ni kuiga nyota za nyutroni, yaani masalia yaliyobanwa mno ya nyota kubwa zilizokufa, na mashimo meusi kwa kompyuta, ombi lake la kwanza ni video. Anataka kuona mashimo mawili yakizungukana hadi yamezane, au nyota mbili zikigongana na kutapanya dhahabu. Video ninazo. Ila ningeruhusiwa kuonyesha kitu kimoja tu, ningeonyesha grafu isiyovutia hata kidogo: nyota moja, peke yake, haizunguki, haiguswi na chochote, na kwa hesabu zote inatakiwa ikae vile ilivyo milele. Kwenye grafu yangu inatikisika. Sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu kazi hii nilikipata kwa kuuliza kwa nini.

Nilikulia Malindi. Ukienda kaskazini hadi Ngomeni utayaona baharini majukwaa ya chuma ya Waitaliano. Sisi watoto tuliyachukulia kuwa sehemu ya bahari tu. Hakuna aliyetuambia yalifanya kazi gani. Chuoni ndipo niliposoma kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco na kupewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutafuta eksirei zinazotoka angani. Miongoni mwa ilivyovichunguza ni Centaurus X-3, kinachopiga mpigo mmoja kila sekunde 4.8 hivi: ni nyota ya nyutroni inayofyonza gesi ya mwenzake. Iliitazama pia Cygnus X-1, ambayo baadaye ilikuja kukubalika kuwa na shimo jeusi. Yaani vitu viwili ninavyoviiga leo, sehemu ya ushahidi wake wa mwanzo ilipatikana kwa chombo kilichopaa kutoka maji yetu, na mimi habari hiyo nikaikuta kwenye kitabu cha Kiingereza nikiwa mtu mzima. Nililalamika wakati ule na bado nalalamika.

Mwaka 2016 nilikwenda Ujerumani kwa shahada ya uzamili. Februari ya mwaka huohuo, kabla sijaondoka, LIGO, mradi wa Marekani wenye vituo viwili vya kupimia, Hanford na Livingston, ilikuwa imetangaza kunaswa kwa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, kwa mara ya kwanza, yale ya tarehe 14 Septemba 2015. Mashimo mawili meusi, moja la masi kama 36 za jua na jingine 29, yaliungana, na masi kama 3 za jua zikaondoka zikiwa mawimbi. Katika ripoti yao kulikuwa na mchoro ambao niliurudia kuutazama: juu, mistari ya kilichopimwa Hanford na Livingston, chini yake, mstari uliotoka kwenye uigaji wa kompyuta. Inafanana. Nikataka kujua huo wa chini unatengenezwaje.

Nilidhani nitapewa mashimo meusi nianze nayo. Nikapewa nyota iliyotulia, pamoja na programu huria iitwayo Einstein Toolkit ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuipakua bila kulipa hata senti. Nilivunjika moyo, sitaficha.

Kwanza nieleze kinachofanyika ndani ya mashine. Kwa Einstein, anga na wakati ni kitu kimoja, na mvutano ni mkunjo wa kitu hicho. Kompyuta haiwezi kukibeba kizima hivyo. Inataka ipewe hali ya sasa, halafu ihesabu hatua moja mbele, na nyingine, na nyingine. Kwa hiyo anga-wakati inakatwa vipande, kila kipande kikiwa ni anga nzima kwa wakati mmoja. Milinganyo ya Einstein ni 10. Sita kati yake hueleza kipande kinachofuata kitakuwaje. Minne iliyobaki haisogezi kitu. Ni masharti ambayo kila kipande lazima kiyatimize. Mwanahisabati wa Ufaransa, Yvonne Choquet-Bruhat, alithibitisha mwaka 1952 kwamba njia hii ina msingi: ukianza na hali inayotimiza masharti, milinganyo inakupa kinachofuata, na masharti yanaendelea kutimia yenyewe. Huo ni uthibitisho wa kwenye karatasi. Kwenye mashine hayatimii sawasawa hata mara moja. Daima kuna mabaki, na sehemu kubwa ya kazi ni kuyachunga hayo mabaki yasije yakakua.

Vipimo pia vinahitaji kuzoewa. Tunaifanya masi ya jua iwe 1, kasi ya mwanga iwe 1, na namba ya mvutano ya Newton iwe 1. Hapo umbali wa 1 unakuwa kama kilomita moja na nusu, na wakati wa 1 unakuwa karibu sehemu tano za milioni za sekunde. Ukiambiwa uigaji umefika 1,000, umepita muda wa sehemu tano za elfu za sekunde. Kompyuta ndogo inaweza kuhangaika usiku kucha kwa muda ambao jicho halifiki hata kupepesa.

Nyota ya kujaribia, ile ambayo wanafunzi wengi wa fani hii huanza nayo, ina masi 1.4 za jua na nusu kipenyo cha kilomita 14 hivi. Ingeenea kati ya Malindi na Ngomeni. Kitovuni mwake, sentimita moja tu ya ujazo inabeba karibu tani milioni 800. Jinsi ya kupata nyota ya namna hiyo iliyo katika mizani, shinikizo likisukuma nje na mvutano ukivuta ndani, ilielezwa na Oppenheimer na Volkoff mwaka 1939. Unatatua mlinganyo wao kwa usahihi mkubwa, unaiweka nyota kwenye gridi, yaani wavu wa nukta ambazo kompyuta inazihesabia, unaiacha.

Haikai. Msongamano wa kitovuni unapanda na kushuka, kidogo sana, lakini kwa mpangilio, tena bila kukoma. Nilimpelekea msimamizi wangu grafu nikitarajia aniambie ni wapi pa kurekebisha. Akaniambia nihesabu inatikisika mara ngapi kwa sekunde, akarudi kwenye kazi zake.

Nikauchukua mfululizo wa namba na kuuchambua kwa njia ya Fourier ili kuona ndani yake kuna mitikisiko ya aina gani. Uliojitokeza kwa nguvu kuliko yote ulikuwa karibu na mara 1,440 kwa sekunde. Nikatafuta kwenye makala za zamani za watu ambao hawakutumia gridi wala kuiendesha nyota. Walikaa na milinganyo wakauliza, nyota hii ikiguswa kidogo itatikisikaje? Jibu lao lilikuwa hilohilo.

Hapo ndipo mambo yaliponifungukia. Nyota iliyo laini na mviringo, ukiiweka kwenye gridi ya vinukta vya mraba, unakuwa umeiweka karibu na ilivyo, si ilivyo hasa. Tofauti hiyo ndogo ni kama kofi la kwanza juu ya ngoma: mkono ni wa gridi, lakini sauti ni ya ngoma. Ukubwa wa mtikisiko haunielezi chochote kuhusu nyota za kweli. Kasi ya mtikisiko inanieleza. Namba mbili kwenye grafu moja, moja ya kutupa na moja ya kuhifadhi, na grafu yenyewe haikwambii ipi ni ipi.

Kuna jaribio moja zaidi katika habari hii ambalo nalipenda kuliko mengine. Programu inakuruhusu kuigandisha anga-wakati, yaani nyota itikisike lakini mkunjo unaoizunguka ubaki kama ulivyokuwa mwanzo. Ukifanya hivyo, nyota ileile inatikisika karibu mara 2,700 kwa sekunde, si 1,440. Mkunjo ukiachwa ushiriki, mtikisiko unapungua kasi karibu nusu. Nilipoziona namba hizo mbili pamoja, zote zikilingana na za makala, niliamini kwamba mashine ile inahesabu mvutano wa Einstein kwelikweli. Video haikuwahi kunishawishi hivyo.

Basi unajuaje ni kipi cha kutupa? Unaiga kitu kilekile mara tatu, kwa gridi tatu: pana, ya kati na nyembamba. Kwa mbinu tuliyokuwa tukiitumia, ukikata umbali kati ya nukta na nukta kwa nusu, kosa linatakiwa kushuka mara nne. Ukubwa wa mtikisiko wangu ukawa unashuka kila gridi inapokuwa nyembamba, na kasi yake haikuhama. Usoni mwa nyota, pale maada inapoisha ghafla, kosa lilikuwa likishuka kwa uvivu zaidi, na hilo lina sababu yake: mbinu zote hizi hudhani kwamba mambo yanabadilika taratibu kutoka nukta hadi nukta, na ukingo wa nyota haubadiliki taratibu.

Gridi tatu ni rahisi kutamka. Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba huwezi kuruka mbele kwenye wakati kadiri upendavyo. Hatua yako ina mpaka unaowekwa na muda ambao ishara, kwetu ni mwanga, inahitaji kuvuka kutoka nukta hadi nukta. Kwa hiyo ukiifanya gridi iwe nyembamba mara mbili, nukta zinaongezeka mara nane kwa kuwa anga ina pande tatu, na hatua za wakati zinaongezeka mara mbili. Jumla, kazi mara 16. Uigaji wa siku moja unakuwa wa wiki mbili na zaidi. Ndiyo maana hutumiwa gridi ndani ya gridi, nyembamba kwenye nyota na pana kadiri unavyokwenda mbali, na hata hivyo nyota mbili zinazogongana zinataka mamia au maelfu ya vichakato kwa wiki kadhaa. Na kompyuta hizo kubwa hazikungoji wewe. Unatuma kazi yako, inakaa kwenye foleni nyuma ya watu wa tabianchi, watu wa dawa na watu wa injini za ndege. Nimewahi kuwasikia wanafunzi wakisema gridi ya tatu ni anasa. Siwalaumu, ila matokeo yao nayasoma nikiwa nimekunja uso.

Jambo ambalo linanikera mpaka leo ni hewa. Nje ya nyota ya nyutroni kuna utupu, au kitu karibu na utupu, na programu za maada haziwezi utupu kabisa. Mahali fulani kuna kugawanya kwa msongamano, na msongamano ukiwa sifuri kila kitu kinasimama. Dawa yake ni kuijaza anga gesi nyembamba ya uongo, tuseme mara bilioni moja pungufu ya iliyo kitovuni, na kuiamuru isiende popote. Kwa nyota moja iliyotulia haina madhara makubwa. Lakini nyota mbili zikigongana, kiasi kidogo cha maada kinarushwa nje kwa kasi ya sehemu moja hadi tatu za kumi za kasi ya mwanga, na hicho ndicho kinachotengeneza elementi nzito na mwanga unaoonekana baadaye. Maada hiyo inapita katikati ya ile gesi yetu ya kubuni. Mtu akiniletea jedwali la kiasi kilichorushwa, likiwa na tarakimu nyingi baada ya nukta, swali langu ni moja: hewa uliiweka kiasi gani, na ukiipunguza mara mia, jedwali linabaki?

Nyuma ya programu niliyokabidhiwa ikiwa inafanya kazi kulikuwa na miaka mingi ya kushindwa. Mwaka 1964 Hahn na Lindquist waliweka mashimo mawili meusi kwenye kompyuta ya IBM 7090 na kuyafuata kwa muda mfupi tu kabla namba hazijaharibika. Miaka ya 1990 huko Marekani vikundi vya vyuo vingi viliungana kwa mradi mkubwa wa kulimaliza tatizo hilo, na mradi ukaisha kabla mashimo hayajamaliza hata mzunguko mmoja. Kompyuta zilikuwa zimekua mno kati ya nyakati hizo mbili, kwa hiyo udogo wa mashine hautoshi kuwa maelezo. Tatizo lilikuwa kwenye maandishi.

Hapa nitakaa kidogo. Milinganyo ileile ya Einstein unaweza kuiandika kwa namna nyingi, na kwa mwanahisabati zote ni sawa, kwa sababu tofauti kati yake ni masharti yale manne, ambayo thamani yake ni sifuri. Unaweza kuongeza sifuri popote bila kubadilisha ukweli. Lakini kwenye kompyuta masharti hayo hayako sifuri. Ni mabaki madogo, na namna unavyoyachanganya ndani ya milinganyo ndiyo inayoamua kama yatakua mara mbili kila kukicha au yatatawanyika na kupotea. Masaru Shibata na Takashi Nakamura, mwaka 1995, kisha Thomas Baumgarte na Stuart Shapiro, mwaka 1999, waliandika upya milinganyo iliyokuwa ikitumiwa tangu zamani, na uigaji uliokuwa ukivunjika ukaanza kudumu. Hawakuongeza fizikia yoyote. Shibata na Kōji Uryū wakafika hatua ya kugonganisha nyota mbili za nyutroni kwa uhusianifu kamili, yaani kwa milinganyo ya Einstein bila kuifupisha, kufikia mwaka 2000. Mashimo meusi yalisubiri hadi 2005, Frans Pretorius alipotumia uandishi mwingine tofauti na kuyaona yakizunguka, yakiungana na kutulia. Kabla mwaka haujaisha, vikundi viwili, kimoja cha Brownsville, Texas, na kingine cha NASA Goddard, vikafika palepale kwa njia ya tatu, kila kimoja bila kujua mwenzake anafanya nini: waliyaacha mashimo yatembee ndani ya gridi, badala ya kuyafunga mahali pamoja kama ilivyokuwa desturi.

Kwa udadisi nilijaribu kuiendesha nyota yangu kwa maandishi ya zamani. Mwanzoni hakuna tofauti ya kuonekana. Ukiyatazama mabaki ya masharti, lakini, unaona yanapanda kwa mstari ulionyooka kwenye grafu ya logi, yaani yanaongezeka maradufu kila baada ya muda uleule, na mstari huo ukishauona unaweza kupiga rula na kusoma saa ya kifo. Tangu hapo faili ya kwanza ninayoifungua kila asubuhi ni ya masharti, kabla ya ya nyota.

Tarehe 17 Agosti 2017 zikaja zenyewe. Vyombo vya LIGO na Virgo, mwenzake wa Italia, vilinasa nyota mbili za nyutroni zikimalizia mizunguko yao umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na sekunde 1.7 baadaye satelaiti ikaona mwako wa miale ya gama. Makumi ya darubini yaligeuzwa kwenye galaksi ya NGC 4993. Yaliyokuwa kwenye makaratasi ya watu wa uigaji kwa miaka mingi yakaonekana: mwanga wa buluu ukififia na kuwa mwekundu kwa siku chache, jinsi elementi nzito zilizotengenezwa hivi punde zinavyotarajiwa kung'aa. Mwaka 2019 wachunguzi walitambua alama ya strontiamu katika mwanga huohuo. Mawimbi yenyewe yalionyesha pia kwamba kila nyota haikuvutwa umbo sana na mwenzake, na kwa hiyo nyota zilizovimba kupita kiasi zikaondolewa kwenye orodha ya zinazowezekana. Ofisini kwetu watu walikuwa wakikimbia. Mimi, mwanafunzi, niliambiwa nirudie vipimo vya nyota moja kwa shinikizo la aina nyingine, kwa sababu kuna mtu aliyetaka kuitumia kwenye nyota mbili na hakutaka kuanza na msingi asioujua. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Nyota ya pili niliyopewa baadaye ndiyo iliyonitia mashaka ya maana. Ina masi karibu sawa na ya kwanza, 1.45 za jua, na maada ya aina ileile, ila imebanwa: msongamano wa kitovuni ni zaidi ya mara sita. Hii nayo ni jibu halali la mlinganyo wa Oppenheimer na Volkoff. Iko katika mizani. Lakini ni mizani ambayo kitu chochote, hata kidogo namna gani, kinaiangusha, na inaweza kuanguka upande wowote kati ya pande mbili.

Ukiiweka kwenye gridi na kuiacha, lile kosa dogo la gridi linaisukuma nje. Nyota inavimba kwa ghafla, inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena, mawimbi ya mshtuko yakitupa gesi kutoka usoni mwake, na inakuja kuzungukia hali ya nyota nyingine, legevu, yenye uwezo wa kutulia. Ukipunguza shinikizo lake kwa kiasi kidogo mno kabla ya kuanza, inakwenda upande wa pili. Inaporomoka na kuwa shimo jeusi.

Kuporomoka huko kunastahili kuangaliwa. Kitovuni mkunjo unaelekea kusiko na kikomo, na hakuna kompyuta iwezayo kuhesabu kitu kama hicho. Kinachotuokoa ni kwamba kila nukta ya gridi ina saa yake, na nadharia ya Einstein inatuachia sisi kuchagua saa hizo ziende kwa mwendo gani. Kanuni tunayotumia inazipunguza mwendo saa zilizo mahali mkunjo unapokuwa mkali. Kwa hiyo nje wakati unaendelea, mawimbi yanaondoka, na kitovuni saa zimesimama kabla mambo hayajafika pabaya. Namba inayoonyesha mwendo wa saa inashuka kutoka karibu 1 hadi karibu sifuri, na muda mfupi baadaye kile kipengele cha programu kinachotafuta mpaka wa shimo kinaandika kwamba kimeupata. Nyota yote iko ndani. Mara ya kwanza niliisoma habari hiyo kwenye safu ya namba, saa nane za usiku, na nikanyanyuka kwenye kiti.

Lakini tazama tofauti. Nyota ya kwanza, gridi iliipiga na nyota ikajibu kwa sauti yake yenyewe. Ya pili, gridi iliamua. Kuvimba au kuporomoka kulitoka kwenye kosa la kompyuta, na ukibadilisha mbinu ya kuhesabu unaweza kuugeuza uamuzi. Njia ya kushuka baada ya hapo ni fizikia safi kila upande. Kugeuka kwenyewe hakukuwa na fizikia ndani yake. Nimekaa kwenye mihadhara nikiona nyota mbili zikigongana na masalia yake yakishikilia kwa muda fulani kabla ya kuporomoka, na mzungumzaji akitaja muda huo kwa uhakika, nami nikijua kwamba masalia hayo yanakaa ukingoni vilevile. Gridi ikibadilishwa kidogo, muda unaruka. Wazungumzaji waangalifu huonyesha tu kwamba yaliporomoka na hunyamaza kuhusu lini. Hao ndio ninaowafuata kwenye chai.

Mjomba wangu ni fundi wa injini za boti Malindi. Nikimpigia huuliza nyota zangu zinaendeleaje, kama mtu anayeulizia mbuzi, na siku ile nilikuwa nazo habari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Nyota?"

Nikamweleza ile ya pili. Moja tu, ileile, ukiiacha inavimba, ukiigusa inaporomoka ikawa shimo. Akanyamaza kidogo, nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma.

"Sasa ipi ndiyo ya kweli?"

"Zote zinafuata sheria. Ila huko juu nyota ya namna hiyo hutaikuta. Haiwezi kufika pale ikakaa, lazima kuna kitu kitaisukuma mapema."

"Kwa hiyo mmeitoa wapi?"

"Tumeiweka wenyewe."

"Mnalipwa kuweka nyota isiyokuwepo?"

"Tunajua mwisho wake kila upande, mjomba, umeshahesabiwa kwa njia nyingine. Programu ikikosea hapo, siwezi kuipa zile ambazo hakuna anayejua mwisho wake."

"Na imekosea?"

"Kwa gridi mbili, hapana."

"Na ya tatu?"

"Iko kwenye foleni."